Jeni za usugu wa dawa kwa stafilokoka wa hospitalini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Karatasi ya majibu kutoka maabara ya bakteria huwa na orodha ya dawa, na mbele ya kila dawa kuna herufi moja. S maana yake dawa hiyo inamweza bakteria aliyeoteshwa. R maana yake haimwezi. Maswali yaliyo hapa chini yote yanatokana na hiyo R. Nimeyasikia kwa wagonjwa, wauguzi, wanafunzi wa maabara na hata madaktari waliokwisha bobea. Nimejifunga kwa bakteria mmoja tu, Staphylococcus aureus, ambaye sisi wa maabara tunamwita staf.

Staf ni bakteria wa namna gani?

Ukimpaka rangi ya Gramu na kumtazama kwa hadubini, unaona vitone vya zambarau vilivyoshikana kama kichala cha zabibu. Daktari wa upasuaji Alexander Ogston wa Aberdeen, Uskoti, alimwona hivyo hivyo kwenye usaha wa majipu mwaka 1880, na jina alilompa limetoka kwenye neno la Kigiriki la kichala. Aureus ni dhahabu, kwa sababu akioteshwa hutoa koloni zenye umanjano.

Ukipima pua za watu wazima 100 wenye afya, utamkuta kwa watu 20 hadi 30. Hawaumwi, na wengi hawatajua maisha yao yote kwamba wanaye. Shida huanza anapopata mlango: kidonda cha upasuaji, mrija wa mshipani, mrija wa kusafishia damu ya mgonjwa wa figo. Hapo anaweza kufika kwenye damu, mifupa, mapafu na hata vali za moyo.

Watu husema mwili umezoea dawa. Ndivyo?

Hapana, na hili ndilo kosa ambalo ningetamani lifutike kabla ya mengine yote. Mwili hauzoei antibiotiki. Anayekuwa sugu ni bakteria, na usugu wake umeandikwa kwenye vinasaba vyake. Mtu ambaye hajameza antibiotiki hata moja maishani mwake anaweza kulazwa siku tatu akatoka na staf sugu, kwa sababu bakteria huyo alikuja na usugu wake tayari, pengine kutoka kitanda cha jirani.

Kosa hili lina madhara. Anayeamini kwamba mwili wake umezoea dawa hujiona yeye ndiye mwenye hatia, au hudhani kwamba akibadilisha dawa kila mara mwili hautazizoea. Kumbe jambo lenyewe limo kwa mdudu na halijali historia yako.

Basi bakteria hujifunza kuishinda dawa?

Hajifunzi pia. Chukua jipu lenye bakteria bilioni moja. Wengi wao dawa inawaua. Wachache, labda kumi, wana tofauti ndogo kwenye vinasaba inayowaokoa. Dawa ikiingia, wengi wanakufa, na wale kumi wanabaki na chakula chote na nafasi yote. Staf aliyeshiba hugawanyika kila nusu saa hivi, kwa hiyo baada ya siku moja au mbili jipu zima linaweza kuwa ukoo wa wale kumi. Dawa haikuwatengeneza. Iliwaondolea washindani tu.

Jeni za usugu zinakaa wapi ndani yake?

Staf ana kromosomu moja ya mviringo yenye herufi za vinasaba karibu milioni 2.8 na jeni kama 2,600. Kuna usugu unaotokana na herufi moja tu iliyokosewa wakati wa kunakili jeni yake ya kawaida. Kuna usugu mwingine unaoletwa na jeni nzima iliyotoka nje, ambayo babu zake hawakuwa nayo. Jeni hizo za kigeni hupanda vyombo vya aina tatu: plasimidi, yaani pete ndogo za vinasaba zinazojinakili zenyewe nje ya kromosomu, transposoni, vipande vinavyohama kutoka mahali pamoja kwenda pengine, na kaseti, ambayo nitaieleza kwa kirefu kwa sababu ndiyo kiini cha MRSA, yaani staf sugu kwa dawa ya methisilini na ndugu zake.

Penisilini ilishindwaje na staf?

Mwaka 1928 Alexander Fleming, katika hospitali ya St Mary's London, alikuta kuvu anayetoa penisilini ameingia kwenye sahani ya bakteria na kuwayeyusha waliokuwa karibu naye. Bakteria hao walikuwa staf. Lakini kufikia mwaka 1942 tayari wagonjwa walikuwa wakipatikana na staf wasioisikia penisilini. Mary Barber aliwafuatilia kwenye hospitali moja ya London: mwaka 1946 waliokuwa sugu walikuwa 14 kati ya kila 100, mwaka 1947 wakawa 38, na mwaka 1948 wakawa 59. Jambo alilolisisitiza ni kwamba staf hawakuwa wakigeuka sugu ndani ya kila mgonjwa kivyake. Aina moja iliyokuwa sugu tangu mwanzo ilikuwa ikienea kutoka mtu hadi mtu. Ilikuwa kweli mwaka ule, na ni kweli mpaka leo.

Jeni iliyohusika inaitwa blaZ, na mara nyingi imepanda plasimidi. Penisilini ina pete ndogo ya pembe nne, beta-laktamu, na nguvu yake yote iko hapo. blaZ hutengeneza kimeng'enya kinachoikata hiyo pete. Jeni nyingine mbili jirani huisimamia: blaR1 ni mlinzi aliyesimama kwenye utando wa seli akiinusa dawa, na blaI ndiyo kufuli inayoizuia blaZ isifanye kazi bure. Dawa ikigusa mlinzi, kufuli hukatwa na kimeng'enya huanza kumwagwa nje. Leo staf wengi mno duniani wanayo blaZ, ndiyo sababu amoksisilini peke yake haifai kitu kwa jipu la staf, hata uimeze kwa uaminifu kiasi gani.

mecA inafanya nini tofauti na blaZ?

Hapa inabidi tuanze na ukuta. Staf amezungukwa na ukuta mnene uliosukwa kwa nyuzi za sukari na vifungo vya amino asidi. Bila ukuta huo, maji yangemjaza apasuke. Ukuta hufumwa kila saa na protini ambazo unaweza kuziita mafundi. Fundi huchukua kifungo kinachoishia na alanini mbili, hukata ile ya mwisho, kisha hukiunganisha na kifungo cha jirani. Penisilini na ndugu zake zinafanana na zile alanini mbili. Fundi huidaka dawa akidhani ni kifungo, dawa inanasa mkononi mwake, na hafumi tena. Ukuta unabaki na matundu.

Wataalamu walipoona blaZ inaikata penisilini, mwishoni mwa miaka ya 1950 walitengeneza methisilini, iliyowekewa kundi kubwa la kemikali pembeni ili kimeng'enya kisiweze kuifikia pete. Ilikuwa kazi nzuri. Kisha mwaka 1961 Patricia Jevons wa Uingereza aliripoti kwamba kati ya staf zaidi ya 5,000 waliopimwa, aina tatu zilikuwa sugu kwa dawa hiyo mpya.

Aina hizo hazikuwa zikiikata dawa. Zilikuwa na fundi wa ziada, aitwaye PBP2a, ambaye jeni yake ni mecA. Mfuko wake wa kazi umefunikwa, na dawa haipenyi kirahisi. Mafundi wa kawaida wote wakishanaswa, PBP2a anaendelea kufuma. Hafanyi yote peke yake: sehemu ya kurefusha nyuzi za sukari bado anamtegemea fundi mmoja wa zamani, PBP2, ambaye upande huo wa kazi yake dawa haiuzimi. Mmoja anarefusha uzi, mwingine anafunga mafundo, na ukuta unasimama huku dawa imejaa pembeni. Mara ya kwanza nilipoelewa ushirikiano huo nilikaa kimya kidogo.

Tofauti kwa mgonjwa ni hii. blaZ huharibu penisilini za zamani, na kloksasilini bado inafaa. mecA huzima karibu ukoo wote wa beta-laktamu kwa mpigo: kloksasilini, flukloksasilini, amoksisilini hata ikichanganywa na asidi ya klavulaniki, sefaleksini, seftriaksoni, meropenemu. Ukiona R mbele ya sefoksitini, dawa tunayoitumia maabara kumfichua mwenye mecA, kwenye majibu ya staf, usishawishike na dawa ya ukoo huo kwa sababu tu ni mpya au ni ya bei kubwa. Zipo chache zilizoundwa makusudi ili ziweze kumfikia PBP2a, kama seftarolini, lakini hizo ndizo pekee.

Kwa nini anaitwa MRSA wakati methisilini haitumiki tena?

Jina lilishika. Methisilini iliachwa kwa sababu ilikuwa ikiwasababishia baadhi ya wagonjwa uvimbe kwenye figo. Siku hizi MRSA maana yake ni staf mwenye mecA au jeni pacha yake, mecC.

Hiyo kaseti ni nini?

mecA haikai peke yake. Imebebwa ndani ya kipande kirefu cha vinasaba kiitwacho SCCmec, chenye herufi kati ya 20,000 na 70,000 hivi. Watafiti wa Japani, akina Ito, Katayama na Hiramatsu, ndio walioifichua mwishoni mwa miaka ya 1990. Ndani ya kaseti kuna jeni za ccr, ambazo kazi yake ni mkasi na gundi: huikata kaseti kutoka kwenye kromosomu na kuibandika kwenye kromosomu nyingine, daima mahali pale pale, mwishoni mwa jeni moja iitwayo rlmH.

Kaseti zimepewa namba za Kirumi. Aina ya II na ya III, ambazo ndizo zilizozoeleka hospitalini, ni ndefu na zimebeba pia jeni za kushinda dawa nyingine zisizohusiana kabisa na penisilini. Ndiyo maana MRSA wa wodini huja na safu nzima ya R. Aina ya IV ni fupi na nyepesi, na ilijulikana kwanza kwa MRSA wa mitaani, waliowapata watu ambao hawajawahi kulazwa. Zamani tungeweza kukisia mdudu ametoka wapi kwa kuangalia kaseti tu. Siku hizi mpaka huo umefifia, maana aina ya IV imeshaingia hospitalini na kukaa.

mecA ilitoka wapi kabla haijaingia kwa staf?

Jeni zinazofanana nayo sana zipo kwa jamaa zake staf wanaoishi kwenye ngozi za wanyama, hasa kundi la sciuri, na huko jeni hizo zilifanya kazi nyingine za ukuta kabla hazijawa silaha. Na kwa staf wenyewe haikusubiri methisilini. Uchunguzi wa vinasaba vya MRSA wa zamani waliohifadhiwa, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba mecA ilishaingia kwao katikati ya miaka ya 1940, zaidi ya miaka kumi kabla ya methisilini kutengenezwa. Penisilini iliyotumika kwa wingi ndiyo iliyoipa nafasi.

mecC ina historia ya ajabu zaidi. Iligunduliwa mwaka 2011 kwa ng'ombe na watu huko Ulaya. Mwaka 2022 watafiti wakaonyesha kwamba makao yake ya zamani ni kalunguyeye, yule mnyama mdogo wa miiba anayejikunja akawa kama mpira. Ngozini mwa kalunguyeye huishi kuvu anayetoa kemikali za jamii ya penisilini, na staf anayeishi jirani naye amelazimika kuwa na kinga. Kwa hesabu zao, mecC ilikuwapo kwa wanyama hao tangu mwanzoni mwa miaka ya 1800. Vita ya kuvu na bakteria ni ya zamani kuliko hospitali yoyote, sisi tumeiingilia katikati.

Jeni hupitaje kutoka bakteria mmoja hadi mwingine?

Kwa staf, njia kuu ni faji, yaani virusi wanaoshambulia bakteria. Faji akiingia ndani ya staf hujinakili na kufunga vinasaba vyake kwenye maganda mapya. Mara moja moja hukosea, akafunga kipande cha vinasaba vya bakteria badala ya vyake. Ganda hilo likitua kwa staf mwingine, linamwingizia jeni ya usugu badala ya maradhi. Plasimidi nyingi husafiri kwa ajali hiyo. Njia ya pili ni bakteria wawili kugusana na kupitishiana plasimidi moja kwa moja. Plasimidi zenye uwezo huo ni kubwa na ni chache kwa staf, ila zikipita hubeba mzigo mzito.

Kwa nini hasa hospitalini?

Kwa sababu mambo matatu hukutana chini ya paa moja: dawa nyingi zinazochuja wanaokufa na wanaobaki, miili yenye milango iliyofunguliwa, na mikono inayopita kitanda hadi kitanda.

Hebu fuata mkono mmoja. Muuguzi anabadilisha bandeji ya kidonda, simu ya wodi inaita, anaipokea, kisha anakwenda kufungua kiungo cha dripu cha mgonjwa wa tatu. Kiungo kile kina mdomo mdogo kuliko ukucha. Staf waliobaki kwenye ncha za vidole, hata mia moja tu, sasa wako kwenye njia inayoelekea moja kwa moja kwenye mshipa. Kumlaumu muuguzi ni kukosea mahali pa kutazama: ukimpa mtu vitanda ishirini, sinki moja mwisho wa wodi na chupa ya vitakasa iliyokauka, kidudu kitapita tu. Na hata mkono ukikosekana, staf hustahimili kwenye reli ya kitanda au pazia kwa wiki kadhaa, pengine miezi.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba vifo zaidi ya 100,000 duniani vilitokana moja kwa moja na usugu wa MRSA.

Inawezekana kumpunguza?

Ndiyo. Denmark ilikuwa na MRSA wengi kwenye damu za wagonjwa mwishoni mwa miaka ya 1960, ikawashusha hadi chini ya 1 kati ya kila 100 na kubaki hapo kwa miongo. Uholanzi imewadhibiti kwa kupima pua za wagonjwa wenye hatari kubwa wanapoingia, kuwatenga wenye MRSA na kuwatibu wabebaji. Uingereza nayo iliwapunguza sana baada ya kuzitaka hospitali zote ziripoti kila MRSA aliyepatikana kwenye damu. Hakuna hata moja kati ya nchi hizo iliyofaulu kwa kungojea dawa mpya.

Vankomaisini nayo inashindwa?

Vankomaisini ndiyo dawa inayotegemewa sana kwa MRSA. Inashindwa kwa njia mbili, na ni vizuri kuzitenganisha.

Ya kwanza ni ya polepole. Mwaka 1996 huko Japani, mtoto mchanga aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa moyo alipata MRSA ambaye vankomaisini ilimpunguza tu bila kummaliza. Hakuwa na jeni ya kigeni. Alikuwa amekusanya mabadiliko madogo madogo kwenye jeni zinazosimamia ukuta, kama walKR, vraSR na graRS, hadi ukuta ukawa mnene kupita kawaida. Dawa ilikuwa ikinaswa kwenye tabaka za nje kabla haijafika mahali pa kazi. Staf wa aina hii hutokea baada ya matibabu marefu ya vankomaisini, hasa usaha ukiwa haujatolewa au mrija ukiwa haujang'olewa.

Ya pili ni ya ghafla. Mwaka 2002 huko Michigan, Marekani, mgonjwa wa kisukari aliyekuwa akisafishwa damu kwa mashine alikutwa na staf sugu kabisa kwa vankomaisini. Kwenye kidonda chake waliishi pamoja MRSA na enterokoka, bakteria wa utumbo aliyekuwa na jeni vanA kwenye transposoni Tn1546. Enterokoka alimpitishia staf. Vankomaisini hufanya kazi kwa kuzikumbatia zile alanini mbili za mwisho wa kifungo. vanA na wenzake hubadilisha alanini ya mwisho kuwa laktati, na mkumbatio wa dawa hupungua nguvu mara 1,000 hivi.

Kinachonipa nafuu ni kwamba aina hii ya pili imebaki nadra sana. Aina ya kwanza ndiyo inayotusumbua kazini, kwa sababu kipimo cha vikaratasi vyenye dawa, vinavyowekwa juu ya sahani ya bakteria, hakiioni. Lazima kiasi cha dawa kinachomzuia bakteria kipimwe kwenye mchuzi wa kuoteshea bakteria, hatua kwa hatua.

Maabara iliandika klindamaisini S, kesho yake ikabadilisha kuwa R. Ni uzembe?

Mara nyingi ni kinyume chake, mtu alikuwa makini. Kuna jeni za erm zinazoweka alama ya kemikali kwenye ribosomu, kiwanda cha protini cha bakteria, na kuziba mahali ambapo erithromaisini na klindamaisini hukaa. Kwa baadhi ya staf, erm imelala. Klindamaisini haiiamshi, kwa hiyo ukipima dawa hiyo peke yake utaona S nzuri kabisa. Erithromaisini huiamsha.

Kwa hiyo tunaviweka vikaratasi viwili kwenye sahani moja, cha erithromaisini na cha klindamaisini, vikiachana milimita 15 hadi 26. Asubuhi yake, kuzunguka kikaratasi cha klindamaisini kunatakiwa kuwe na duara safi ambamo bakteria hawakuota. Staf mwenye erm iliyolala hutoa duara lililobonyea upande mmoja, ule unaoelekea erithromaisini, mpaka likafanana na herufi D. Ukiliona mara moja hulisahau. Mgonjwa akipewa klindamaisini hapo, wale staf ambao jeni yao imeamka moja kwa moja watabaki, na dawa itakufa mikononi.

Kwa nini mnapima kwa sefoksitini wakati mgonjwa hatapewa sefoksitini?

Kwa sababu ndiyo inayomfichua. MRSA wengi hawaonyeshi usugu wao kwa usawa: katika koloni moja, seli nyingi zina usugu mdogo na chache tu zina usugu mkali. Kloksasilini inaweza kukudanganya. Sefoksitini huiamsha mecA vizuri zaidi, na duara linasomeka bila ubishi. Kikaratasi cha mikrogramu 30, inkubeta nyuzi 35 na si zaidi, kwa sababu joto likizidi hapo baadhi ya MRSA hujificha. Kisha rula: milimita 22 na kuendelea, hana mecA, 21 kushuka chini, mhesabu kuwa MRSA. Milimita moja huamua dawa ya mtu. Penye mashine ya kutafuta jeni yenyewe, jibu hupatikana ndani ya saa moja au mbili, na ningetamani kila maabara iwe nayo.

Kwa nini rifampisini haitolewi peke yake kwa staf?

Kwa hesabu tu. Herufi moja ikibadilika kwenye jeni rpoB, rifampisini imekwisha kazi, na mabadiliko hayo hutokea kwa seli moja kati ya milioni 10 hadi milioni 100. Jipu lina seli mabilioni. Maana yake walio sugu wamo tayari kabla hujameza kidonge cha kwanza.

Na dawa nyingine?

Kwa ufupi. Siprofloksasini hushindwa kwa mabadiliko kwenye gyrA na grlA, pamoja na pampu NorA inayoitema nje. Gentamaisini hubandikwa kemikali na kimeng'enya ikapoteza umbo. Mupirosini, ile dawa ya kupaka puani, ina adui aitwaye mupA. Daptomaisini hushindwa zaidi kwa mabadiliko ya mprF, yanayoongeza chaji chanya kwenye utando ili dawa isukumwe mbali.

Linezolidi inastahili sentensi mbili zaidi. Staf ana nakala tano au sita za jeni ya 23S, na kila nakala inayobadilika humwongezea usugu, ndiyo maana usugu huo huja taratibu na kwa waliotumia dawa muda mrefu. Lakini jeni cfr, iliyoonekana kwanza kwa bakteria wa ndama, husafiri kwa plasimidi na huzima makundi matano ya dawa kwa mkupuo mmoja, linezolidi ikiwemo.

Je, kila staf asiyepona ana jeni ya usugu?

Hapana, na swali hili lingeulizwa zaidi lingeokoa dawa nyingi. Staf hujenga utelezi juu ya mirija na vyuma vya mifupa, akajifukia humo. Wengine hupunguza mwendo wa maisha hadi dawa zinazoshambulia ukuta unaojengwa zinakosa cha kushambulia. Jipu lililofungwa halifikiwi na dawa ya kutosha. Karatasi itasema S dawa zote, na mgonjwa bado ana homa. Hapo dawa kali zaidi haisaidii. Jipu lipasuliwe, mrija utolewe.

Vinasaba vinawezaje kuonyesha nani kamwambukiza nani?

Staf hubadilika takriban herufi moja kila wiki sita hadi saba. Ukisoma vinasaba vyote vya staf wa wagonjwa wawili na kukuta tofauti ya herufi mbili, wametoka chanzo kimoja hivi karibuni. Ukikuta tofauti ya mia mbili, ni bahati mbaya tu iliyowakutanisha wodi moja.

Mwaka 2011 kwenye wodi ya watoto wachanga huko Cambridge, Uingereza, mtoto alipatikana na MRSA takriban miezi miwili baada ya mgonjwa wa mwisho kuondoka na wodi kusafishwa. Kwa vipimo vya kawaida ungesema ni tukio jipya. Vinasaba vilionyesha ni mnyororo ule ule. Wakapima wafanyakazi zaidi ya 150, wakamkuta mmoja anayembeba bila kuumwa. Akatibiwa.

Tukiacha kutumia dawa fulani, usugu utaondoka?

Wakati mwingine hupungua. Kubeba jeni ya ziada kuna gharama, na kaseti kubwa humchelewesha staf kukua. Lakini baada ya vizazi vingi bakteria hupata mabadiliko mengine yanayofidia gharama hiyo. Pia jeni zikiwa zimefungwa kwenye plasimidi moja, ukiacha dawa moja, nyingine inayotumika bado inailinda plasimidi nzima. Kwa hiyo usitegemee urudi ulikotoka haraka.

Nina MRSA puani lakini siumwi. Je, ni hatari kwa ndugu zangu?

Kwa mtu mwenye afya, mara nyingi hapana. Nawa mikono, funika vidonda, usichangie taulo wala wembe. Mwambie kila daktari kabla ya upasuaji wowote, kwa sababu wanaweza kukusafisha pua na ngozi kabla na kubadilisha dawa ya kinga. Usijinunulie antibiotiki za kumeza ili kumfukuza. Hazimtoi puani, na zinampunguzia washindani.

Mgonjwa wangu ameambiwa ana MRSA kwenye damu. Niulize nini?

Uliza kama damu imeoteshwa tena baada ya kuanza dawa, na kama bado bakteria wanaota. Uliza kama moyo umepimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Uliza kama mrija uliokuwa mshipani siku alipoanza kutetemeka umeshatolewa. Uliza matibabu ni ya siku ngapi. Kwa staf wa kwenye damu ni siku 14 kwa uchache, na mara nyingi zaidi ya hapo. Uliza vankomaisini inapimwa kiasi gani imo kwenye damu. Na anayekuja kumgusa, awe daktari bingwa au mwanafunzi, unayo haki ya kumwambia kwa adabu: samahani, naomba kwanza utakase mikono.